Mahali fulani

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii nimechelewa kuleta tafakari, nilikuwa Mikindani, mji mdogo wa pwani jirani na Mtwara mjini, na mama, amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho la kulia, na kila nilipokaa niandike nikajikuta narudi kwenye yale aliyokuwa anayasema njiani, kwa hiyo nimeona niandike hayo hayo.

Neno letu ni Mwanzo 28 kuanzia mstari wa 10. Yakobo ametoka kwao anamkimbia ndugu yake Esau, jua likamchwea njiani, akatwaa jiwe akaweka chini ya kichwa akalala. Sasa angalieni Biblia inavyopaita pale alipolala, haitaji jina, inasema "akafika mahali fulani". Mahali fulani tu. Jiwe lenyewe la hapohapo. Jina la mji tunakuja kulipata mbele huko mstari wa 19, kumbe ulikuwa unaitwa Luzu, yaani ulikuwa mji wa watu, watu wanazaliwa humo na kuzikwa humo, ila kwa Yakobo palikuwa pa kulaza ubavu kukicha aondoke.

Mimi nimezaliwa Mikindani. Na miaka yote niliyokaa Dar, kule Mbagala, nikiulizwa kwenu wapi nilikuwa najibu "kusini". Sio Mikindani, hata Mtwara sitaji, kusini basi. Waliokuwa wanasafiri kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 wanakumbuka hali ilivyokuwa, foleni ya pantoni pale Rufiji, gari linazama kwenye tope, mnalala njiani na watoto, masika ndo usiseme. Mtumishi wa serikali akipangiwa Mtwara anapewa pole na majirani. Sasa wewe ukisikia tangu mdogo watu wanapeana pole kwa ajili ya kwenu, unakua ukijua kwenu ni pa kupewa pole, na hata niliporudi kuishi hapa Mtwara mjini, Majengo, mwaka wa tisa huu, moyoni nilikuwa bado najihesabu mtu aliye njiani.

Jumatano asubuhi wakamfungua bandeji hospitali hapa mjini. Nesi akanyoosha vidole akamuuliza, "bibi, hivi vingapi?", mama akasema vitatu, halafu akaongeza, "na kimoja ukucha umekatika, pole mwanangu". Nesi akautazama ukucha wake. Mi nikageukia dirishani maana machozi yalishafika.

Tukachukua bajaji kurudi Mikindani, ni kama kilomita kumi hivi. Nilikuwa na simu mkononi najibu meseji za kazini. Mama amevaa miwani ya jua aliyopewa, akawa anainyanyua, namwambia mama usiitoe, anairudisha, dakika mbili kainyanyua tena. Na akawa anataja vitu. Mbuyu. Mbuyu mwingine huo. Khanga nyekundu kwenye kamba, yule mtoto ana baiskeli haina kiti, lile bati jipya limewaka. Anataja hivyo hivyo taratibu, mtu ungesema anaitikia litania. Tulipofika pale ghuba inapofunguka akamwambia dereva, baba hebu simama. Dereva akasimama. Mama akanyamaza muda, halafu akaniuliza, "Hii rangi ilikuwepo siku zote?"

Ndo nikainua uso kwenye simu. Alikuwa anaulizia bahari.

Wanaoijua ghuba ya Mikindani wanajua ilivyo, imezunguka kama sinia, mlango wa kutokea bahari kuu ni mwembamba, maji ya ndani yametulia. Yalikuwa yanakupwa. Karibu na mikoko maji yana rangi ya jani bichi la mgomba, yakienda mbele yanakolea mpaka yanakuwa ile bluu ambayo mama anasema hajaiona kama miaka sita, maana mtoto wa jicho kabla hajakufungia kabisa anakupaka kila kitu rangi ya chai ya maziwa. Akina mama wako kwenye tope wameinama, wawili wameshika khanga huku na huku wanatanda uduvi. Ngalawa zimelala ubavu. Mimi napita barabara hiyo kila wiki kwenda kumwangalia mama na siku hiyo ndo nilikuwa nayaona hayo maji. Waswahili wanasema mwenye macho haambiwi tazama, mimi niliambiwa, na aliyeniambia ni mtu mwenye jicho moja.

Usiku nikaisoma tena Mwanzo 28. Yakobo alipokuwa macho hakuona kitu pale isipokuwa mawe. Ile ngazi iliyofika mbinguni, malaika wakipanda na kushuka, aliiona ndotoni amelala, macho yamefumba. Na akiamka hasemi Bwana amekuja mahali hapa, anasema "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Yupo. Kwamba Mungu hakufuatana naye kutoka Beer-sheba ndo akafika, Yakobo ndiye aliyemkuta pale, kama unavyomkuta mwenyeji kwake. Hilo neno "sikujua" limenikaa sana, maana Yakobo hakuwa mtu wa dhambi ya ajabu siku ile, alikuwa amechoka tu na ana haraka, na mimi nadhani wengi wetu Mungu tunamkosa hivyo, kwa uchovu na haraka, wala si kwa uasi.

Kesho yake mama akataka nimsindikize polepole hadi kwenye zile nyumba za zamani. Kuna mlango mmoja pale wa mbao umechongwa, fremu yake ina mnyororo umezunguka pembeni kote, akawa anaufuata kwa kidole pete moja moja, vumbi linamwingia kwenye ukucha. Nyumba nyingi pale ni za mawe ya matumbawe, nyingine zimebaki kuta na mti umeota ndani. Wageni wanatoka mbali kuja kupiga picha nyumba inayosemekana alikaa Livingstone 1866 kabla hajaingia bara, na lile Boma la Wajerumani la 1895. Sisi tunapita na ndoo. Lakini mama hakusema pazuri. Alisema bibi yake alikuwa akimsimulia kwamba mji huu ulikuwa na soko la watu, watu walishushwa kutoka bara wamefungwa, na mawe haya haya yalikuwa yanatazama. Akasema, "Na Mungu alikuwepo hapa hata siku hizo, sijui alilia vipi." Nimelibeba hilo hadi leo na sina maelezo yake. Yakobo naye alipaona pale akaogopa, mstari wa 17, "Mahali hapa panatisha kama nini!", kwa hiyo kuona vizuri sio kuona mazuri peke yake.

Mama mdogo alipokuja jioni na uji, yeye ni Mwislamu, familia za huku mnazijua, mama akamwambia "umezeeka", wakacheka mpaka mama mdogo akakaa chini, alhamdulillah, alhamdulillah.

Jumapili nikamleta misa huku Majengo, kwa Mtakatifu Paulo. Ile michoro ya Biblia kwenye kuta, aliyoichora padre Mbenediktini, mimi huwa naikalia mgongo, tena bechi langu ni lile la karibu na feni. Mama aligeuza shingo misa nzima. Sikumzuia.

Jambo la mwisho. Huu ni msimu wa maua ya korosho, na sisi huku ua la korosho tunalitazama kwa hesabu, salfa ya kupulizia mikorosho imepatikana haijapatikana, msimu huu kilo ngapi, mnadani bei itasimama wapi. Mama aliomba nimkatie kitawi kimoja. Nilikataa, nikamwambia hizo ni korosho mama unakata, akasema lete. Nikalishika ua moja karibu na uso kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na nimekulia chini ya hiyo mikorosho. Ni dogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, vijani vyake vyembamba vimejikunja kwa nyuma, vyeupe vina mistari ya pinki, yale ya zamani kidogo yameshakuwa mekundu, na yana harufu tamu ile ambayo siku zote nilidhani ni harufu ya mwezi wa saba.

Jicho la kushoto ni mwezi ujao, daktari akiridhika na hili. Naomba mtuombee. Anasema anataka awahi kabla maua hayajapukutika.