Chumvi ilipokataa kushika

Vyombo vyangu vya udongo huvipa mng'ao wa kioo kwa kutupa chumvi ndani ya tanuri lenye moto mkali. Lakini mara tatu mfululizo nilifungua tanuri langu hapa Kisauni nikakuta vyombo vikavu, vinakwaruza kama tofali, havina ule mng'ao wenye vijishimo vya ganda la chungwa. Iliniuma, maana nimevifinyanga kwa wiki nyingi.

Nilishuku udongo. Sodiamu ya chumvi hushikana na silika (madini ya mchanga) iliyomo ndani yake ikawa kioo, basi nikaongeza mchanga laini. Wapi!

Koni, kile kipande cha udongo kinachoinama joto likifika kiwango chake, ndiyo iliyonionyesha kosa. Niliyoiweka karibu na tundu la kuchungulia ilikuwa imesimama wima, haijainama hata kidogo. Kumbe nilikuwa nakadiria moto kwa macho tu, na chumvi naitia kabla ya nyuzi 1,200. Na moto haukupanda kwa sababu kuni zangu za mvinje nilizinunua masika. Nje zilionekana kavu, ndani mbichi. Joto lote likaishia kuchemsha maji.

Nikazipasua nyembamba kama kifundo cha mkono, nikazipanga chini ya mabati, juu ya matofali zisinyonye unyevu, zikakaa kaskazi nzima.

Safari hii nilitia kuni chache chache, nikingoja moshi utakate. Koni ya nyuzi 1,280 ilipoinama, nikatupa chumvi kidogo kidogo ndani ya karatasi, nimesimama upande upepo unakotoka, kwani mvuke wake una asidi na huumiza mapafu. Kila baada ya kutia, nilivuta kwa nondo pete ya majaribio, kipete cha udongo cha kuonyesha kama chumvi imeshika. Ya tatu ilitoka inang'aa, imejaa vijishimo.