Kabla ya kununua kamera ya video ya nyumbani, chagua fomati

Mtu anayetaka kamera ndogo ya video kwa ajili ya harusi za ukoo, mahafali ya watoto na maulidi ya mtaani huanza karibu kila mara kwa kuuliza inavuta mbali kiasi gani na ina pikseli ngapi. Mimi humrudisha nyuma kidogo na kumuuliza ni nani atakayezitazama hizo video, na atazitazamia wapi: kwenye simu, kwenye kompyuta ya zamani, au kwenye televisheni ya sebuleni kwa kuchomeka flashi. Jibu lake ndilo linaloamua fomati ya kurekodia, yaani namna video inavyofungwa ndani ya faili, na fomati ndiyo itakayoamua kama bibi aliye Tanga ataiona harusi ya mjukuu wake au atapelekewa faili lisilofunguka.

Kuhusu simu, niseme wazi kwamba katika ukumbi wenye mwanga hafifu simu nzuri ya kisasa mara nyingi huishinda kamera ya bei nafuu. Sony HDR-CX405, iliyotoka mwaka 2015, na Panasonic HC-V180 zote zina sensa (kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha) ya kipimo cha 1/5.8 ya inchi, ambayo ni ndogo mno, na usiku picha zake hujaa chembechembe. Ninachokitafuta katika kamera za namna hii ni vitu vingine: lenzi inayovuta kweli kwa vioo vyake, mara 30 kwa Sony hiyo na mara 50 kwa Panasonic, betri na kadi zinazoweza kubadilishwa sherehe ikiendelea, na hakika kwamba hakuna atakayenipigia katikati ya nasaha za wazee.

Jihadhari na kamera zisizo na jina zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, zikiwa zimeandikwa 4K na megapikseli 48 ubavuni. Nyingi hazina lenzi ya kuvuta hata kidogo, bali hukata sehemu ya katikati ya picha na kuikuza, na hiyo 4K yenyewe hupatikana kwa kuipanua picha ndogo. Kamera ya mkono wa pili yenye picha ya kweli ya mistari 1080 ina thamani kubwa kuliko hizo.

Sasa fomati. Katika kamera nyingi za daraja hili utakuta AVCHD na MP4 katika menyu moja. AVCHD ilitangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, na ndani yake picha hubanwa kwa H.264, namna ileile inayotumika katika MP4 nyingi, kwa hiyo ubora wa picha hautofautiani sana ikiwa kiwango cha biti, yaani wingi wa data kwa kila sekunde, ni kimoja. Tofauti iko kwenye vifungashio, yaani namna mafaili yanavyopangwa, na kwenye sauti. AVCHD huweka mafaili yenye kiambishi cha MTS ndani ya folda nne zilizofunikana, kiasi kwamba mtu asiyezoea hujikuta amenakili kadi yote isipokuwa video, na sauti yake kwa kawaida ni ya Dolby Digital, ambayo simu nyingi za Android haziwezi kuicheza. Ndiyo maana jamaa hukujibu kwamba bwana harusi anaonekana anatikisa midomo lakini hasikiki. MP4 hubeba sauti ya AAC, na hiyo hufunguka karibu kila mahali.

Kwa matumizi ya kawaida, basi, mimi huchagua MP4. Hata hivyo AVCHD ina sifa moja ambayo haitajwi vya kutosha. Faili la MP4 huandikiwa faharasa yake, yaani orodha inayoonyesha kila sehemu ya video iko wapi, mwishoni, mtu anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikichomoka kabla ya hapo, faili zima laweza kukataa kufunguka, ilhali MTS iliyokatika katikati kwa kawaida huchezeka hadi pale ilipokatikia. Anayerekodi kikao kirefu kisichorudiwa, kama vile nikahi, ana sababu nzuri ya kutumia AVCHD, kisha akifika nyumbani aibadilishe kuwa MP4 kwa programu ya bure ya FFmpeg: picha huhamishwa kama ilivyo bila kubanwa upya, na sauti pekee ndiyo inayogeuzwa kuwa AAC. HandBrake nayo ni ya bure na ni rahisi zaidi kwa asiyependa kuandika amri, lakini huibana picha upya na kompyuta dhaifu itahangaika usiku kucha. Sony niliyoitaja hurekodi AVCHD pamoja na MP4 ndogo ya mistari 720 kwa wakati mmoja, na ile ndogo ndiyo ninayoituma WhatsApp, ambako hata hivyo video hubanwa tena.

Nafasi ya kadi hupigiwa hesabu nyepesi. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo video ya megabiti 24 kwa sekunde hula megabaiti 3, yaani takriban gigabaiti 10.8 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba karibu saa tatu. XAVC S, fomati nyingine ya Sony, ikiwa ya megabiti 50 hula zaidi ya gigabaiti 22 kwa saa, na kwa sherehe za nyumbani sioni faida inayolingana na mzigo huo. Kadi ya daraja la 10, ambayo huandika angalau megabaiti 10 kwa sekunde, yatosha kwa AVCHD na MP4 za kawaida. Wasiwasi wangu mkubwa ni kadi bandia, zinazojitangaza kuwa na nafasi ambayo hazina. Usishangae pia ukikuta sherehe imegawanyika vipande vya gigabaiti 4, kwani kadi za hadi gigabaiti 32 hutumia FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao haukubali faili kubwa kuliko hapo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni umeme. Wetu huku Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani hurekodi kwa fremu (picha moja moja) 30 au 60 kwa sekunde, na hapo picha huanza kuwaka na kufifia kama mapigo ya moyo. Ikiwa ina uwezo wa kuweka kasi ya shata kwa mkono, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iweke 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ikiwa haina, tafuta iliyotengenezwa kwa fremu 25 au 50. Kati ya 50i, inayorekodi nusu ya mistari ya picha kwa zamu, na 50p, inayorekodi picha nzima kila mara, chagua 50p, kwa sababu ile ya kwanza hutoa mistari kama meno ya kitana kila mtu anapotembea. Za Japani nazo zikaguliwe menyu, maana baadhi zina Kijapani pekee.

Za mikanda ya MiniDV na za DVD ndogo ziacheni, hata zikiuzwa kwa bei ya chai. Mkanda wa saa moja huhitaji saa moja kuhamishiwa kwenye kompyuta, tena kwa tundu la FireWire ambalo kompyuta za leo hazina, na DVD ya sentimita 8 hubeba gigabaiti 1.4 tu.

Ukienda dukani, Kariakoo au kwingineko, beba kompyuta yako, simu yako na kadi unayoiamini. Rekodi dakika chache muuzaji akiongea mbele ya taa za duka, kisha ifungue video hiyo kwenye vyombo vyote viwili. Ukisikia sauti yake na taa hazipepesi, anza kujadili bei.