Kumbukumbu ya mradi: kuwinda sekunde zinazopotea simu ikihamishwa

Seva yangu ya Asterisk (programu inayoendesha simu za ofisi) imetulia. Simu zinaingia, zinatoka, ujumbe wa sauti unafika. Limebaki lalamiko moja kutoka mapokezi: ukimhamishia mwenzako simu, kunakuwa kimya weee, halafu ndipo upande wa pili unaita. Mteja naye keshaanza kusema "haloo, haloo".

Kabla ya kugusa faili lolote nilipima kwa saa. Kuhamisha kwa alama ya reli (#) kwenda namba ya ndani: sekunde 3, kila mara. Kuhamisha kwa kitufe cha simu yenyewe kwenda namba ya ndani: papo hapo. Kitufe hichohicho kwenda namba ya nje: sekunde 5, kila mara. Mtandao mbovu hauna nidhamu ya namna hiyo. Kuchelewa kwa sekunde kamili maana yake kuna programu mahali fulani imeagizwa kusubiri.

Zile 3

Asterisk ina kipimo kiitwacho transferdigittimeout, na usipokigusa huwa ni sekunde 3. Ni muda wa kungoja tarakimu inayofuata. Wengi hukimbilia kukipunguza kiwe 1. Dawa hiyo siipendi, kwani mwenye vidole vya taratibu atakatwa katikati ya namba. Na kwa nini ingoje, ikiwa namba zetu zote za ndani ni za tarakimu tatu?

Jibu lilikuwa kwenye mpango wa upigaji, yaani kanuni zinazoiambia Asterisk namba ipi ipelekwe wapi. Muktadha (kundi la kanuni hizo) uliotumika kuhamisha simu ulikuwa na ruwaza `_X.`, yaani tarakimu yoyote na chochote kitakachofuata, kwa ajili ya simu za nje. Ukibonyeza 204, Asterisk inaiona ipo, ila inaona pia kwamba 2045 inawezekana, na 20456 vilevile. Basi inangoja. Nikatengeneza muktadha mwingine wenye `_2XX` (2 na tarakimu mbili zozote) kwa ndani, na ruwaza zenye idadi kamili ya tarakimu kwa nje, kisha nikauweka kwenye `__TRANSFER_CONTEXT`, kigezo kinachoiambia Asterisk itumie muktadha upi wakati wa kuhamisha. (Vile vistari viwili vya mwanzo visiachwe; ndivyo vinavyofanya chaneli ya pili, yaani upande wa pili wa simu, irithi thamani hiyo.) Sasa ukibonyeza tarakimu ya tatu tu, inaita.

Zile 5

Hapa sngrep, programu inayoonyesha ujumbe wa SIP (lugha ambayo simu na seva huongea), ilinisaidia sana. Simu inatuma REFER (ombi la kuhamisha), seva inajibu 202 (nimepokea) mara moja, kisha kimya, halafu ndiyo INVITE (ombi la kupiga simu) inatoka kwenda kwa mtoa huduma wa simu za nje. Kwa hiyo mtoa huduma hana hatia: hadi wakati huo alikuwa hajaulizwa chochote.

Lango lake limeandikwa kwa jina, si kwa anwani ya IP, hivyo lazima jina litafutwe kwanza. Mstari wa kwanza wa /etc/resolv.conf, faili la kutaja seva za DNS (zinazogeuza jina kuwa anwani ya IP), ulielekeza kwenye seva iliyotoweka ruta ilipobadilishwa. Linux, kwa kawaida yake, huingoja seva ya kwanza sekunde 5 ndipo iulize ya pili. Mstari ukafutwa, ugonjwa ukaisha.

Kinachonichekesha ni kwamba simu za kawaida za nje nazo zilichelewa vivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika. Anayepiga mwenyewe huwa na subira; anayehamisha ana mtu sikioni.

Bado

Mara mojamoja uhamisho unakwama kwa nusu sekunde, au moja na nusu. Hilo ni jambo jingine. SIP juu ya UDP (njia ya kutuma pakiti isiyohakikisha zimefika) isipopata jibu hurudia INVITE baada ya milisekunde 500, kisha inaongeza muda mara mbili kila inaporudia, kwa hiyo nadhani kuna pakiti zinazopotea. Linatokea kwenye simu zinazotumia Wi-Fi tu. Nitazivutia waya kwanza, kabla ya kuhangaika na TCP, njia inayohakikisha pakiti zimefika.