Kutoka Iringa hadi Makete: Nyumba za Nchi ya Baridi

Niliondoka Iringa mwezi Julai kwenda Makete kutazama jinsi nyumba za nyanda za juu zinavyokabiliana na baridi. Tembe za Wahehe, ambazo wazee wa Iringa wangali wanazisimulia, zilikuwa na kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo pia, nao udongo huo ulipokea joto la mchana polepole ukalirudisha ndani usiku. Siku hizi karibu kila paa lililo kando ya barabara kuu ni la bati, na bati hupoa mara tu jua linapozama.

Mafinga nilipita haraka, ingawa malundo ya mabanzi na maranda yanayotokana na misonobari ya shamba la miti la Sao Hill yalinisikitisha, kwa kuwa mengine yalikuwa yakichomwa bure. Tofali la kuchoma hupitisha joto takriban mara tano zaidi ya ubao mkavu wa msonobari wenye unene uleule, na maranda huzuia joto vizuri zaidi kwa sababu ya hewa inayonaswa ndani yake.

Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nililala katika nyumba ya wageni isiyo na dari. Alfajiri matone yalidondokea blanketi ilhali mvua haikunyesha: mvuke wa pumzi ulikuwa umekutana na bati baridi ukageuka maji. Mhudumu, baada ya kunisalimu "Kamwene", alitaka kuniletea jiko la mkaa chumbani. Nilimshukuru nikakataa, kwani mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Makete ndiko nilikokaa zaidi. Fundi mmoja mzee alikuwa akimalizia nyumba, na baada ya kuitikia shikamoo yangu alinipandisha ngazi nione dari. Alikuwa amepigilia mabanzi chini ya kenchi, akamwaga juu yake maranda yaliyochanganywa na chokaa ili wadudu wasiyale, unene wa shubiri nzima. Mwanya uliobaki kati ya ukuta na bati aliuziba kwa udongo uliokandwa na nyasi, akiushindilia kwa kidole gumba.

"Joto hupanda, mwanangu," alisema. "Ziba juu kwanza, kuta baadaye."

Kuta zenyewe zilikuwa za matofali ya kufungamana, ya udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, ambayo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba, umeyahimiza kwa miaka mingi. Hayahitaji tanuri, na tanuri hula kuni nyingi mno. Dirisha kubwa la sebule alilielekeza kaskazini. Makete iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini, likaipasha moto sakafu ya saruji hadi jioni, na Desemba huhamia kusini.

Nilipomuuliza kama wateja hukubali gharama za dari kama ile, alijibu kwamba wengi hununua kwanza vigae na rangi, na dari husubiri miaka. Kwa maoni yangu, katika nchi ya baridi kama hii, fedha za dari zitengwe siku ileile zinapotengwa za bati.