Klachi ya kirikuu, chini ya mwembe wa Sahare

Jumapili, baada ya isha

Kirikuu imerudi barabarani. Mikono yangu ina weusi ambao sabuni ya mche imeshindwa kuutoa, mgongo unawaka moto, na usingizi haupo. Basi naandika.

Kirikuu yetu, kigari cha mizigo aina ya Suzuki Carry, ya gia za mkono, ndiyo inayotulisha. Mama analangua machungwa Muheza na kuyaleta mjini Tanga, na kila baada ya muda gari linapanda njia ya Amani kufuata iliki, mdalasini na pilipili manga. Aliyewahi kuendesha njia ile hahitaji kuelezwa. Kona juu ya kona, gia ya kwanza, mzigo nyuma, na mvua ikinyesha ule udongo unateleza. Mahali pa kusimama na kuondoka tena ni kilimani, na kila ukiondoka kilimani kwa nusu klachi, pedali ikiwa haijaachiwa yote, pleti, ile diski ya klachi inayoshika injini na giaboksi pamoja, inalika kidogo.

Dalili zilianzia hukohuko. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Halafu ile harufu, kali, ya kuungua, inayokaa puani mpaka umefika nyumbani. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kusema klachi imekwisha. Jirani yetu mzee, aliyestaafu karakana ya reli, hakukubali kusema lolote kabla ya kupima. Alianza na waya wa klachi, ule unaovutwa na pedali. Ukikazwa mno, unaishikilia klachi isikamate yote, hata kama pleti ni nzima, na wapo watu walioshushiwa giaboksi bure wakati dawa ilikuwa kulegeza nati moja tu. Wa kwetu ulikuwa na uchezaji wake wa kawaida, yaani ule ulegevu kidogo kabla haujaanza kuvuta. Akavuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaongeza mafuta kidogo na kuachia klachi taratibu. Klachi nzima ingeizima injini palepale. Yetu iliendelea kunguruma.

"Sasa shusheni," akasema.

Gereji wangeifanya kazi hii kwa nusu siku, na mafundi wa Tanga ninawaheshimu. Lakini gereji kuna mteja anayefuata. Unakabidhiwa gari, unaonyeshwa kipande kibovu, unalipa, unaondoka. Mimi nilitaka kukaa na hiki kitu, nikione kilivyolika na kwa nini, maana ndimi ninayekipeleka Amani.

Kuhusu kuingia chini ya gari nina neno moja, nalo nalisema kwa uzito wote: msitumie matofali. Tofali la saruji linabeba vizuri sana mpaka pale linapopasuka, na halitoi taarifa. Jeki nayo ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Mzee alitupatia stendi za chuma, tukaweka magogo kwenye magurudumu, na kabla ya yeyote kuingia tulilisukuma gari kwa mabega kuona kama litacheza. Waya wa betri tulikuwa tumeshauchomoa.

Kuvua hakuna mengi ya kusimulia. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ilitoka, zikafuata nyaya za gia, waya wa klachi, stata. Kilichotula muda ni kutu. Sahare tuko jirani na bahari, chumvi haibagui, na bolti za chini zilikuwa zimegandana na vyuma vyake. Tulikuwa tumezipaka dizeli tangu usiku wa kuamkia jana, na bado mbili zilitaka spana ya boksi na bomba refu juu yake.

Kati ya bolti zinazoshika giaboksi kwenye injini, moja ina kichwa kikubwa kuliko wenzake. Nilidhani ni ya gari jingine, ikabidi nimuulize mama, aliyekuwa anamenya mihogo barazani. Akainuka, akaishika, akaigeuza. "Hii aliitafuta baba yako kule Ngamiani, barabara za juu, siku nzima. Ya zamani ilikatika." Nilikuwa sijui kama marehemu alishawahi kuishusha giaboksi hii mwenyewe, hapahapa uani. Nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaipaka oili, na imerudi kwenye tundu lake.

Giaboksi ya kirikuu si kubwa, watu wawili wanaishusha. Ndani mlijaa vumbi jeusi. Mdogo wangu alitaka kulipuliza kwa pampu, mzee akamzuia kwa ukali. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kujua kwa macho ipi inayo na ipi haina. Tukalilowesha kwa maji ya sabuni, tukalifuta kwa matambara, matambara yakafungwa kwenye mfuko.

Halafu pleti yenyewe. Niliiweka gotini nikaitazama sana. Ni diski nyembamba, katikati ina tundu lenye meno ya kuingia kwenye shafti ya giaboksi, pembeni yake springi ndogo za kupunguza mshtuko, na nje kabisa ule utando unaoshika, uliopigiliwa kwa ribiti. Utando ukiwa mpya, vichwa vya ribiti vinakaa ndani, ukipitisha kucha unahisi shimo. Kwetu kucha ilipita bila kukwama popote. Tungekwenda Amani mara chache tu zaidi, ribiti zingeanza kuchimba flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake, na hapo bei ingekuwa nyingine kabisa.

Kipande hiki kimewekwa kilike. Kazi yake ni kuteleza kidogo kila unapoondoka, ili injini inayozunguka na magurudumu yaliyosimama vikutane bila kuvunjana meno. Tunapolalamika klachi imekufa, imefanya tu lile iliyotengenezwa kulifanya. Nilipokaa nayo pale chini ya mwembe nilihisi heshima, sioni neno jingine. Imebeba machungwa ya misimu yote ile na haikumwacha mama njiani.

Flaiwili ilikuwa na madoa ya buluu, alama za joto, lakini uso wake haukuwa na mifereji wala ufa. Tukaupitisha msasa laini, tukaufuta kwa kitambaa chenye petroli, na kuanzia hapo mzee hakuruhusu mkono wenye grisi uukaribie. Sili ya oili nyuma ya injini ilikuwa imeanza kutoa jasho, nikaagiza mpya. Hapa nina msimamo: ukishashusha giaboksi, usibadilishe pleti peke yake. Presha inayoibana pleti, rilizi beringi inayoiachilia ukikanyaga pedali, na sili vina umri uleule. Na klachi ya mtumba siitaki, hata iwe imetoka Japani jana, kwa sababu ni kulipia ulikaji wa mtu mwingine.

Kuiweka pleti katikati ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Mzee hana kile kifaa cha kuelekezea. Alichonga kijiti cha mpera, akakizungushia utepe kidogo kidogo hadi kikaingia barabara kwenye pleti na kwenye tundu la katikati ya flaiwili. Upande wenye springi ukatazama giaboksi. Bolti za presha tulizikaza kwa kuvuka, hii kisha ile ya upande wa pili, kila moja mizunguko michache, presha ishuke sawasawa isipinde.

Kurudisha giaboksi ndiyo shughuli. Shafti ilifika mlangoni ikagoma. Mdogo wangu akachukua bolti ndefu aivute kwa spana, na mzee akasema kwa upole, "Hapana, baba. Chuma kikikataa, kina sababu. Ishusheni kidogo, zungusha shafti, jaribuni tena." Tukaiinamisha upande wa nyuma, nikaizungusha shafti kwa mkono, ikaingia yote bila kelele.

Jioni tulizunguka Sahare mpaka Chumbageni. Pedali imekuwa laini, gari linaondoka bila mtikisiko. Baada ya hapo nikaweka uchezaji wa waya upya.

Mama tayari ameshapigiwa simu kutoka Muheza, machungwa yako tayari. Nimemwambia pleti mpya inataka kuzoeana na flaiwili kwanza, kwa kilomita mia kadhaa za mwendo wa kawaida, bila mzigo mzito na bila milima. Hakupenda, ana wateja wanaomsubiri. Tumekubaliana mzigo wa wiki hii uje na gari la kukodi, na nauli nitatoa mimi.