Nzuri, ila

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu nilipita lango la shule yangu bila kuingia. Nilikuwa juu ya baiskeli, kama watu wengi wa hapa Tanga, madaftari ya wanafunzi yamefungwa nyuma kwa mpira. Nililiona lango. Nilimwona mlinzi akininyanyulia mkono, nikamnyanyulia wangu, na miguu ikaendelea kukanyaga. Sikuamua chochote. Nilikuja kujitambua niko Raskazone, baiskeli imeegemea mti, mimi nimekaa chini na shati langu la kazini, natazama maji. Kipindi changu cha kwanza, hisabati, Kidato cha Tatu, kilikuwa kimeshaanza.

Nilikaa pale mpaka saa nne. Watu watatu walipita wakanisalimia, kwa kuwa huku kwetu mtu hapitwi hivi hivi. "Habari za asubuhi, mwalimu?" Wote watatu niliwajibu: "Nzuri."

Juzi Ijumaa ilikuwa tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, na kundi letu la walimu kwenye simu lilijaa picha na maneno ya kutiana moyo. Niliyasoma yote. Kisha nikaona ni haki niseme yangu, maana mwaka huu nimesaidiwa na watu, na mmoja wao alinisaidia kwa kunisimulia tu yaliyomkuta yeye.

Ilianza na usiku. Saa nane nakurupuka, macho makavu kama ya mtu aliyelala siku nzima, feni inazunguka juu, na mimi nahesabu. Makato ya benki. Dawa za mama kule Muheza. Daftari 112 ambazo sijasahihisha. Halafu nahesabu tena kutoka mwanzo, kana kwamba jumla itabadilika. Asubuhi kifua kinabana na tumbo linawaka. Nikaenda zahanati, nikapimwa presha, nikapimwa malaria, nikapewa vidonge vya vidonda vya tumbo. Nilipomwambia aliyenihudumia kwamba silali, akaniambia, "Ni mawazo tu hayo, mwalimu. Usiyape nafasi."

Nililibeba lile neno "tu" wiki nzima.

Siku hizi naelewa kidogo kilichokuwa kinatokea. Mwili ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, tumbo linapunguza kazi yake. Ni matayarisho mazuri kwa mtu anayekimbizwa na nyoka. Lakini deni halina miguu, mtu hawezi kulikimbia akafika mahali akapumzika. Mwili unabaki umejiandaa usiku kucha, na asubuhi unatakiwa ukafundishe milinganyo.

Jioni ya Jumatatu ile mwalimu mwenzangu anayefundisha Kiswahili alikuja nyumbani. Alikuwa amenishikia vipindi vyangu viwili na kwa mkuu wa shule alisema naumwa. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alikaa barazani, akasubiri mke wangu aingie ndani, kisha akasema, "Kesho tunakwenda hospitali ya mkoa. Kuna kliniki ya afya ya akili. Mimi nilikwenda mwaka juzi."

Tumefundisha pamoja miaka tisa. Sikuwahi kujua. Nikakumbuka mwaka juzi alivyokuwa, alivyokonda, na jinsi kila asubuhi pale ofisini nilivyomuuliza habari, akanijibu nzuri, nikaketi nikaendelea na yangu.

Nikiri kwamba jina la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa Mirembe. Kwa Mtanzania wa umri wangu, hospitali ile ya wagonjwa wa akili kule Dodoma ni kitisho tulicholelewa nacho: ukifanya hivi utapelekwa Mirembe. Watu wanatibiwa pale na kurudi kwa familia zao, lakini sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi, na tusi hilo ndilo lililonifanya niogope foleni ya benchi moja hapa hapa mjini kwangu. Nilivaa kofia niliyoishusha mpaka machoni.

Nesi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. "Habari yako, mwalimu?"

"Nzuri."

"Hiyo nimeipokea, ndiyo salamu," akasema. "Sasa nipe habari yenyewe."

Sikuwa nayo. Nilifungua mdomo, koo ikakaza. Akanipa maji, halafu akaanza kuniuliza maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita. Umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Umekuwa na huzuni? Usingizi? Uchovu? Chakula? Unajiona umeshindwa, umeiangusha familia yako? Kila swali lina majibu manne, kuanzia hakuna kabisa hadi karibu kila siku, na kila jibu lina alama, sifuri mpaka tatu. Mimi ni mtu wa namba. Kuna kitu kilitulia ndani yangu nilipoona kwamba hali hii inaweza kupimwa, kwamba wako wengi waliokwisha kuulizwa haya haya mpaka yakapangwa kwenye karatasi. Nilipata 14 kati ya 27. Akaniambia hiyo ni sonona ya kiasi, huzuni iliyokwisha kuwa ugonjwa, kwamba ina njia zake, na kwamba daktari ataniona.

Swali la tisa linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ungekufa, au kujidhuru. Alilisoma kwa sauti ile ile aliyoulizia chakula. Nilinyamaza muda mrefu na yeye hakunisaidia kwa neno lolote, alisubiri tu. Nikamwambia kujiua sijapanga, ila kuna usiku nimetamani nilale nisiamke. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia maneno hayo kwa sikio langu mwenyewe. Akauliza tangu lini, nani nyumbani anajua, na kama nikizidiwa usiku nitamwamsha nani. Nikatoka na jina la mtu wa kumwamsha. Wewe unayesoma hapa, kama una usiku wa namna hiyo, mwambie mtu leo. Usingoje kesho.

Najua kwa nini tunanyamaza. Kwa sheria yetu, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Natamani na sisi tufike huko. Mtu aliyezama hadi hapo anahitaji mkono, na akijua kwamba wa kwanza kufika anaweza kuwa askari, ataficha.

Nesi hakunipa kazi nyingi. Aliniambia niandike yote yanayonikosesha usingizi, kisha nichague moja. Si kubwa kuliko yote. Lile ambalo naweza kulifanyia kitu wiki hii. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndivyo wanavyofanya bibi wa Harare. Daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare na bibi 14. Walifundishwa kusikiliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanzia. Wanakaa naye kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokaa na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa Kishona kufunga maana yake ni kuwaza, na hali ile wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Nililirudia neno hilo mara kadhaa peke yangu. Sisi husema fulani ana mawazo, wao husema anafungisisa, na masikio yangu ya Kiswahili yakasikia mlango ukifungwa mara ya pili, mara ya tatu, na mtu akiwa ndani.

Nilichochagua mimi ni deni. Tuseme vizuri: nilichagua kumwambia mke wangu kuhusu deni.

Mtumishi anatakiwa abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato, na mimi nilikuwa nimeshafika kwenye theluthi hiyo kwa mkopo wa kujengea. Mama alipougua mwezi wa kumi mwaka jana, benki haikuwa na nafasi ya kuniongezea. Nikakopa kwa hawa tunaowaita kausha damu. Nilichukua laki nne, nirudishe laki tano na sitini kwa mwezi mmoja. Mwezi ulipofika nikalipa riba peke yake, nikaongezewa mwezi mwingine, na mwingine. Simu zao zilikuwa zinaingia nikiwa ubaoni. Nilijifunza kuitambua namba kwa mtikisiko wa mfukoni, na mpaka leo simu ikitikisika mkono wangu unakuwa baridi.

Nilimweleza saa tatu usiku, watoto wamelala, yeye anachambua mchele wa kesho. Niliweka daftari mbele ya ungo. Lilikuwa na kila kitu: tarehe, kiasi, riba. Alisoma ukurasa mzima kidole chake kikifuata mistari. "Baba watoto, hii umeibeba tangu lini?"

"Tangu mama alazwe."

Hakusema kitu kingine usiku ule. Siku mbili zilizofuata aliniwekea chakula mezani na kuondoka. Nilidhani ni hasira ya deni, na ningeielewa. Siku ya tatu ndipo aliponiambia kilichomuuma. Miezi yote ile aliamini namchoka yeye. Aliona nageuka ukutani usiku, naongea kwa mkato, nachukua simu nakwenda kusikilizia nje, na akajijengea habari yake, naye akaibeba bila kumwambia mtu. Tulikuwa wawili kitanda kimoja, kila mmoja macho wazi, kila mmoja na hesabu yake, na asubuhi tunaulizana umeamkaje. Salama. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko deni lenyewe.

Wiki ile ile alikwenda kwa kijumbe wa mchezo wao wa kuchangiana fedha kwa zamu, akaomba abadilishane zamu na mwenzake. Zamu yake ilikuwa mwezi wa sita, akapewa ya mwezi wa nne. Tukaongezea nilichokuwa nimeweka cha kununua mabati, tukawalipa wale watu shilingi yao ya mwisho. Mkopo wa benki bado upo mpaka 2028, na nyumba bado haina paa. Lakini sihesabu peke yangu.

Mengine yalikuwa madogo. Nilikuwa na desturi ya kukaa kijiweni Ngamiani baada ya Isha, vikombe vitatu vinne vya kahawa chungu na kashata. Nesi alinieleza kwamba nusu ya kafeini inaweza kuwa bado mwilini saa tano baadaye. Nikapiga hesabu: kahawa ya saa mbili, nusu yake ninayo saa saba, na mimi nakurupuka saa nane. Sasa nanywa alasiri tu. Kijiweni bado nakaa, maana wale wazee nawahitaji, ila mkononi nina tangawizi. Alinifundisha pia kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Pumzi ikitoka taratibu, mapigo ya moyo nayo hushuka. Huifanya mlangoni kabla ya kuingia darasani, mara tano, na wanafunzi wameshazoea kumwona mwalimu wao amesimama pale.

Swala zangu zilinisaidia, na sitaki mtu adhani hospitali ilichukua nafasi yake. Imamu wetu ndiye aliyeniambia nisikatishe kliniki.

Mwezi wa nane nilirudi nyuma. Wiki ya kusahihisha mtihani wa moko usingizi ulikata tena, siku tano mfululizo, na ule uzito wa asubuhi ukarudi kama haukuwahi kuondoka. Niliogopa sana, pengine kuliko mara ya kwanza, maana nilidhani nimeshavuka. Usiku wa tano nikamwamsha mke wangu. Tukakaa jikoni, tukachemsha chai, tukaongea mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nikarudi kwa nesi.

Kuna jambo moja nimelitambua kwa mama yangu. Maisha yake yote hajawahi kujibu salamu kwa neno moja. Nikiwa chuoni alinipigia simu, nikamuuliza habari za huko, akasema, "Kwema, mwanangu, ila mjomba wako hatunaye." Siku zile nilishangaa, kwema ipi hiyo? Sasa naona kwamba wazee wetu waliiacha ile nafasi makusudi. Unaitikia kwanza kwa heshima, nzuri, salama, kwema, kisha mlango unabaki wazi kwa ila. Sisi tunaosalimiana tukiwa juu ya baiskeli tunajibu na kupita kabla ila haijafika.

Leo Jumapili nimempigia. Mguu wake una nafuu, ila ngazi za mlangoni bado zinamshinda. Akaniuliza mimi.

"Sijambo, mama."

Nikasikia anavuta pumzi kutaka kuendelea na habari za mihogo yake.

"Sijambo," nikasema, "ila mwaka huu niliumwa, na sikukwambia."

Akanyamaza. Nikasikia kigoda kikiburuzwa sakafuni, na yeye akikaa.

"Enhe," akasema.