Samaki Huyu wa Wapi?

Kilichonipeleka Lamu ni tanga. Rafiki yangu wa huko alinipigia simu: wavuvi wana tanga kuukuu la mashua na wanataka litiwe maneno, halafu lipitishwe mbele ya mji siku ya kudai fidia yao. Mimi Nakuru huchora matatu na vibao vya maduka. Nikajiona fundi wa kutosha.

Basi liliondoka Malindi asubuhi. Garsen, Witu, Hindi. Kila kizuizi tunashuka, tunapanga foleni, kitambulisho mkononi, askari anatazama picha kisha uso. Mkebe mmoja wa rangi nyekundu ulifunguka kwenye buti ukamwagikia kikapu cha maembe cha mama mmoja. Nilimlipa, naye akanihesabia embe moja moja. Mokowe tukapanda boti, na jua halijatua nikawa Lamu, mikebe yangu juu ya punda.

Tulilitandaza tanga uani, chini ya mwarobaini. Pamba nzito, viraka kila mahali, na linanuka chumvi. Nilichora ngumi iliyokunjwa, kando yake samaki mkubwa, na chini kwa herufi kubwa: TUNATAKA HAKI YETU. Nilifurahi nayo, nisiseme uongo.

Nahodha alikuja jioni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye kitambaa.

"Samaki huyu wa wapi?"

Nikamwambia wa baharini.

"Bahari gani? Huyu sato."

Kweli nilikuwa nimechora sato, samaki wa ziwani ninayemjua kwenye sahani tangu utotoni. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Nahodha mwenyewe hakucheka. Alichukua kaa la moto lililozimika akanichorea tafi kwenye sakafu: mwili bapa, mdomo mdogo wa kuguguna, miiba ya mgongoni ambayo ikikuchoma utalala unalia. Tafi, akanieleza, hujilisha kwenye majani ya chini ya bahari. Walipochimba njia ya meli kuingia bandari mpya ya LAPSSET, ule mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, kule Kililana, tope lilifunika majani yale, na mashua ndogo haina mafuta ya kumfuata tafi alikohamia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa 2021. Fedha zile zimekuwa na safari ndefu kuliko yangu.

Maneno nayo hayakupona. Kesho yake walikuja kina mama, mmoja wao mtu mzima aliyekuwa mstari wa mbele kupinga umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, ule mradi wa megawati 1,050 ambao leseni yake ilifutwa Juni 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alinipungia mkono: "Ndoo, mwanangu." Nikamletea ndoo. Hapo hata nahodha alicheka. Kumbe kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ananiambia njoo.

"Haki yetu," akasoma. "Hii kila mtu anayo. Hata waliotuchimbia wanataka haki yao. Leso ungeinunua yenye jina hili?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Leso ina pindo, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, na ina jina, yaani maneno yake, na jina ndilo linalouza. Mke mwenza hatukanwi. Anavaliwa leso, mwenyewe ajisome. Walibishana saa nzima, chai ya tangawizi ikipoa. Wakaanza na methali ya wazee, mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha wakaipindua ikawa swali. Nilimkumbuka mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka 3 kwa karatasi ya mwaka 1968 ambayo jina lake lilikuwa swali tu: Kenya: Twendapi?

Nikafuta ngumi. Nikachora pindo jeusi kuzunguka tanga lote na tafi mmoja katikati ya mji. Rangi niliizimua sana, maana nzito ikikauka hupasuka tanga likikunjwa. Chini nikaandika:

MGENI KAJA, MWENYEJI KAPONA?

Siku yenyewe kaskazi ilivuma vizuri. Nahodha alipandisha tanga nje kidogo ya gati, akapita taratibu mbele ya mji, akageuza, akapita tena. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Mzee mmoja barazani alirudia lile swali mara mbili kisha akapiga paja.

Askari kijana, wa bara kama mimi, alimfuata yule mama. "Maneno yale yana maana gani?"

"Ni methali, mwanangu."

"Nani ameandika?"

"Wazee."

Akaandika kwenye daftari lake: wazee. Mimi nilikuwa kando, nimeficha mikono yenye rangi mfukoni.